Bango la A0 na herufi zinazopotea njiani

Wanafunzi wa kitivo chetu wanaombwa mara nyingi zaidi siku hizi kuonyesha matokeo ya kazi zao kwenye bango kubwa, afishi kama tunavyosema, badala ya kuyasoma tu mbele ya darasa. Desturi hii ilizoeleka kwanza kwa watu wa biolojia na wa udaktari, na mimi, asistanti ninayesimamia mazoezi ya isimu, naipenda. Bango humlazimisha mtu kuchagua. Memwari ya kurasa 60 inaweza kuficha wazo dhaifu katikati ya kurasa, bango haliwezi. Lakini kuna jambo moja ambalo miongozo ya watu wa biolojia haisemi, kwa kuwa haliwahusu sana. Sisi tunachapisha lugha, na lugha zetu zina alama ambazo mashine nyingi za mjini hazizijui. Picha ya jani ikififia rangi kidogo, bado ni picha ya jani. Neno la Lingala likipoteza alama yake, linakuwa neno lingine au halisomeki kabisa.

Nichukue mfano nilioushuhudia. Wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu walifanya kazi nzuri juu ya toni katika Lingala. Kiini cha bango lao kilikuwa jedwali la mistari mitatu: moto, yaani mtu, motó, yaani kichwa, na mɔ́tɔ, yaani kile ambacho sisi kwa Kiswahili tunakiita moto. La kwanza na la pili hutofautiana kwa toni ya silabi ya mwisho tu. La tatu lina irabu zilizo wazi zaidi, na toni ya juu iko mwanzoni. Bango lilichapwa usiku katika duka moja la mjini, likaletwa asubuhi ya kutetea likiwa limeviringishwa ndani ya gazeti. Lilipotundikwa, mstari wa kwanza ulikuwa sawa, wa pili ulikuwa sawa, na wa tatu ulikuwa na m, kisanduku kitupu, alama ya toni ikielea peke yake pembeni, t, na kisanduku kingine. Mjumbe mmoja wa juri aliuliza kwa upole neno hilo linasomwaje. Msichana aliyekuwa akieleza aliomba kalamu, akaandika herufi kwa mkono juu ya visanduku mbele yetu sote.

Juri ilimwelewa. Lakini bango lilipaswa kubaki ukutani juma zima, na waliopita siku zilizofuata hawakuwa na mtu wa kuwaeleza. Pesa za kulichapa upya hazikuwepo. Zile za kwanza zilikuwa za usafiri na chakula. Ndiyo sababu nasema kwamba kuchapisha si kazi ya mwisho ya kumwachia kijana mwenye pikipiki na kle ya USB. Kwetu sisi ni sehemu ya utafiti wenyewe, maana hapo data hufika kwa msomaji au hupotea.

Kwa nini motó ilipona na mɔ́tɔ ikaharibika? Katika Unicode, yaani orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, ó ina namba yake moja, 00F3. Wahispania na wengine wengi huitumia, kwa hiyo karibu kila fonti inayo. Lakini ɔ yenye toni ya juu haina namba yake. Huundwa na vitu viwili: herufi ɔ, namba 0254, ikifuatwa na alama ya toni, namba 0301, ambayo fonti inapaswa kuibandika juu ya herufi iliyotangulia. Ndivyo ilivyo pia kwa ɛ́. Fonti ikikosa ɔ, unapata kisanduku. Fonti ikiwa na ɔ lakini haijui kubandika, toni inaangukia kando kama kipande cha uchafu. Yote mawili hayaonekani kwenye kompyuta yako, kwa kuwa kompyuta yako, ikikosa herufi katika fonti moja, huiazima kimyakimya katika nyingine. Kompyuta ya dukani inaweza isifanye hivyo, au ikaazima fonti mbaya.

Mtu atasema kwamba magazeti na nyimbo za kanisani huandika Lingala bila toni wala irabu hizo, na watu husoma vizuri tu. Ni kweli. Katika sentensi, maneno mengine humsaidia msomaji. Katika jedwali la isimu, neno limesimama peke yake, halina jirani wa kulisaidia. Wenzetu wanaofanya kazi juu ya Tshiluba wanalijua jambo hili kuliko mimi.

Dawa ya kwanza ni kuchagua fonti mapema, kabla ya kuandika neno la kwanza la bango. Charis SIL na Doulos SIL hutolewa bure na shirika la SIL, zimetengenezwa kwa ajili ya lugha kama zetu, na zinajua kubandika alama. Noto Sans ya Google nayo ni ya bure, na herufi zake zisizo na vikia husomeka vizuri kutoka mbali. Chagua moja, uitumie katika bango zima, hata kwenye kichwa. Wanaotaka kichwa chenye fonti ya mapambo, kama tangazo la harusi, wajaribu kwanza kuandika ɛ́ na ŋ kwa fonti hiyo. Mara nyingi hamu huisha hapo hapo.

Dawa ya pili ni PDF iliyobeba fonti ndani yake. Usipeleke faili ya Word wala ya PowerPoint dukani, maana hiyo ni sawa na kupeleka maneno bila herufi: duka litayavisha herufi lilizo nazo. Unapohifadhi kuwa PDF kutoka Word, tafuta katika machaguo mstari unaotaja ISO 19005-1, au PDF/A, uuwekee alama. Kanuni hiyo ya mwaka 2005 ilitungwa kwa ajili ya kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu, na inadai fonti zote ziwemo ndani ya faili. Kisha fungua PDF hiyo katika Adobe Reader, nenda kwenye sifa za waraka, sehemu ya fonti, uhakikishe kila jina limeandikiwa kwamba limepachikwa.

Hata hivyo bado kuna mtego mmoja. Wachapaji wengi hawachapi PDF moja kwa moja. Huifungua katika CorelDRAW au Illustrator ili waipange kwenye roli pamoja na kazi za wateja wengine. Programu hizo ni za kuhariri, na zinapofungua PDF kwa kuhariri hutaka fonti iwemo kwenye kompyuta yenyewe, hata kama imepachikwa ndani ya faili. Isipokuwemo, huweka nyingine. Kwa hiyo peleka mambo matatu kwenye kle moja: PDF, faili za fonti zenyewe ili mchapaji aziweke kwake akikubali, na nakala ya bango iliyogeuzwa kuwa picha, TIFF au PNG, kwa nukta 150 kwa inchi katika ukubwa kamili. Picha haina fonti, kwa hiyo hakuna cha kubadilishwa. Herufi zake zitakuwa na makali kidogo kuliko za PDF, lakini herufi iliyolegea kidogo ni bora kuliko kisanduku.

Wanaoandika mabango ya Kiswahili wasidhani wameponea kwa kuwa Kiswahili hakina toni. Kuna ng' kwanza. Mchapaji anayeona kichwa chako ni kidogo na kuamua kukuandikia upya kwa hisani, anaweza kuiacha alama ile, akidhani ni ya Kifaransa na imekaa mahali pasipo pake. Ng'oa ni kutoa kwa nguvu kitu kilichoshika. Ngoa ni wivu au tamaa. Halafu kuna ukataji wa maneno. Safu za bango ni nyembamba, hivyo programu hukata maneno mengi mwishoni mwa mstari, na kama lugha ya waraka imebaki Kifaransa, itayakata kwa mazoea ya Kifaransa, ikitenganisha konsonanti mbili zinazofuatana. Utapata wanafun- juu na -zi chini. Utapata kitam- juu na -baa chini, na msomaji ataanza kutafuta baa. Kiswahili hakikati hivyo: nz, mb, nd na ng huanza silabi pamoja, kwa hiyo wanafu-nzi, kita-mbaa. Njia rahisi ni kuzima ukataji kabisa na kupanga maandishi upande wa kushoto, upande wa kulia ukiachwa bila kunyooshwa. Bango la kitivo cha lugha lenye wanafun-zi ukutani hunitia aibu kuliko kosa la hesabu.

Sasa ukubwa. Karatasi tunazotumia hufuata mpangilio uliowekwa Ujerumani mwaka 1922 na baadaye kuwa kanuni ya kimataifa, ISO 216. A0 ina milimita 841 kwa 1189, na eneo lake ni meta 1 ya mraba. Ukiikata katikati ya urefu unapata A1, ukiikata tena A2, mpaka A4 uliyozoea. Uwiano wa pande zake haubadiliki, daima ni 1 kwa 1.414. Kwa hiyo A4 16 hufanya A0 moja, na A4 ni A0 iliyopunguzwa mara 4 kila upande.

Hesabu hiyo ndogo ina faida kubwa. Chapa bango lako la A0 kwenye karatasi moja ya A4 katika mashine ya kawaida ya fotokopi, ulishike sentimeta 40 kutoka machoni. Unachokiona ndicho atakachokiona mtu aliyesimama meta 1 na sentimeta 60 mbele ya bango. Kama huwezi kusoma, naye hataweza. Herufi za pointi 24 zitakuwa pointi 6 kwenye A4 yako, na hapo ndipo mpaka ulipo kwa macho yangu. Mimi huwaambia wanafunzi maandishi ya kawaida yasipungue pointi 28, na mifano yenye toni iwe 36 au zaidi, maana alama ya toni ni ndogo kuliko herufi inayoibeba na ndiyo ya kwanza kupotea. Wengi hushtuka wanapogundua kwamba kwa kipimo hicho bango halibebi maneno zaidi ya 500 au 600. Hapo ndipo kazi ya kuchagua niliyoisifu mwanzoni inapoanza, na nimeona wanafunzi wakitetea aya moja kana kwamba wanatetea shamba la babu.

Ukubwa huwekwa mwanzoni. Mwenye kutumia PowerPoint aingie kwenye ukubwa wa slaidi kabla ya kuandika chochote, aandike sentimeta 84.1 kwa 118.9, programu hiyo hukubali hadi sentimeta 142 hivi kila upande, kwa hiyo A0 inaingia. Anayefanya kazi kwenye slaidi ya kawaida ya 16 kwa 9 na kuomba duka liikuze, atapata kanda mbili tupu pembeni au herufi zilizovutwa kama ubani wa kutafuna.

Juu ya picha na rangi nitasema machache. Picha itakayochukua sentimeta 20 za bango inahitaji pikseli 1,200 hivi kwa upana ili isionekane vigae. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imekwisha kubanwa; itume kama dokyumenti. Fanya vivyo hivyo kwa PDF ikiwa duka linataka faili kwa simu. Rangi za skrini ni mwanga, rangi za mashine ni wino, na kijani kikali au buluu inayong'aa haitatoka vile. Mandhari meusi yenye maandishi meupe hunywa wino, na wino mwingi juu ya karatasi nyembamba huifanya ijikunje. Herufi nyeusi juu ya nyeupe hazijapata mshindani.

Kisha kitu cha kuchapia. Katika chuo kingi mashine za ofisi huishia A3, kwa hiyo safari ya mjini haikwepeki. Pale utakuta njia mbili. Karatasi ya roli hutoa herufi safi, lakini huogopa mvua na hukunjika. Roli ya milimita 914 inatosha kwa A0. Ya milimita 610 inaishia A1, kwa hiyo uliza upana wa roli kabla ya kuuliza bei. Njia ya pili ni turubai la plastiki, bâche, ambalo maduka mengi hulichapa kila siku kwa ajili ya makanisa, harusi, misiba na wagombea. Ni imara, linapanda pikipiki bila wasiwasi, na mara nyingi huwa rahisi kwa kuwa mashine haipumziki. Ubaya wake ni kwamba mashine zile hurekebishwa kwa mabango yanayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, si kwa jedwali la fonetiki. Alama ndogo huvimba na kuungana na herufi. Ukilichagua, ongeza ukubwa wa mifano, na umwombe mchapaji atumie ubora wa juu hata kama utachelewa nusu saa. Kwa bango la isimu lenye alama nyingi mimi huchagua karatasi. Kwa bango la fasihi, la tafsiri au la mafundisho ya lugha, turubai linatosha na litaishi miaka.

Nenda mwenyewe. Nenda siku tatu kabla, si usiku wa mwisho, kwa maana umeme hukatika, jenereta huishiwa mafuta, na juma la kutetea vitivo vyote huwa na mabango. Nenda na A4 yako iliyochapwa, uikabidhi mkononi mwa mchapaji, ili awe na kitu cha kulinganisha. Keti karibu naye faili inapofunguliwa. Ongea naye kwa lugha ya nyumbani, kwa heshima, bila kumfundisha kazi yake; anajua mambo ya wino ambayo mimi na wewe hatuyajui. Nilimsikia mwanafunzi mmoja akisema: "Papa, ile alama ya juu haiko buchafu, iko sehemu ya neno. Ukiitosha, neno inabadirika." Mzee yule alivua miwani, akaisogelea skrini, akasema kwamba siku zote alikuwa akizifuta akidhani ni nzi wa skana. Kuanzia siku ile yeye ndiye anayewauliza wanafunzi wetu kama wameleta fonti.

Omba kipande cha majaribio. Si bango zima: sehemu yenye mifano migumu tu, sentimeta 20 kwa 30, kwenye kitu kile kile kitakachotumika. Maduka mengi hukubali kwa bei ndogo, na mengine hukipachika kwenye nafasi iliyobaki ya kazi ya mtu mwingine bila kudai kitu. Kisome herufi kwa herufi ukianza na jedwali, si na kichwa. Kichwa kila mtu atakisoma.

Na asiye na pesa? Nimekwisha kusema kwamba A4 16 hufanya A0. Adobe Reader ina chaguo la kuchapa kwa mtindo wa bango, linaloigawa PDF kubwa katika karatasi ndogo. Kwa kuwa mashine ya fotokopi huacha pambizo isiyochapwa, weka mpishano wa sentimeta 1 hivi, ukubali karatasi chache za ziada au upunguze kidogo, kisha kata kwa rula na wembe na ubandike juu ya kadibodi. Mashine ya A3 hupunguza viungo. Panga viungo visipite katikati ya jedwali. Matokeo si ya kupigia picha, lakini herufi zitakuwa zako kabisa, maana faili haikufunguliwa na mtu mwingine, na kosa katika karatasi moja hugharimu karatasi moja. Nimeona mabango ya namna hii yakisomwa kwa muda mrefu kuliko turubai zinazong'aa za jirani.

Kuna pia mchoraji wa mkono. Lubumbashi, katika komini kama Kenya na Katuba, bado wako watu wanaoandika vibao vya maduka kwa brashi, na mkono wao ni mzuri ajabu. Mchoraji hana tatizo la fonti. Huandika anachokiona, na ukimwonyesha ɔ́ ataichora ɔ́. Kwa bango lenye maneno machache, tuseme methali 5 na tafsiri zake, ningempelekea kazi bila kusita.

Baada ya maonyesho, bango huviringishwa na kusimamishwa nyuma ya kabati, na mwaka unaofuata hakuna anayelikumbuka. Acha katika sekretarieti ya idara ile A4 uliyotumia kujipima, pamoja na PDF/A kwenye kle ya idara, jina la faili likiwa na mwaka, lugha na jina la fonti. Anayekuja baada yako akifanya kazi juu ya toni za Lingala ataweza kufungua faili na kunakili mɔ́tɔ, badala ya kuitafuta upya herufi kwa herufi kwenye kibodi ya Kifaransa.